Neno la Herufi Nne

Philogène hupanga chapa kinyumenyume,
risasi baridi kidoleni,
katika kiwanda cha Bwana Cazenave, Basse-Terre, Guadeloupe,
mwaka ambao meli imeleta habari ya uhuru
imekunjwa kama shati.

Miaka sita nyuma, daftari la mirathi lilimwandika hivi:
Philogène, kimoja, kizima, kina meno yote,
kimefunzwa kusoma, bei isipunguzwe.
Ki. Silabi moja tu,
lakini alilala ndani yake tangu kuzaliwa,
magoti yakigusa kidevu.

Leo anapanga: watu wote ni huru.
Wote. Herufi nne, anazipuliza vumbi moja moja.
Ghafla yeye ni mmoja, mzima, ana meno yote,
na angecheka ayaonyeshe
ila Cazenave yuko dirishani na kitabu cha ng'ambo.

"Sikiliza," asema Cazenave, ambaye si mtu mbaya.
"Msomi huyu anasema Binadamu hana rangi.
Mvue nchi, mvue lugha, mvue ngozi,
kinachobaki ndiye mtu mwenyewe."

Philogène anawaza machinjioni.
Amekwisha kuona kinachobaki ukivua ngozi.
Na huyo asiye na rangi hajapata kumwona akila,
ingawa sura yake anaijua: kila anapochorwa
ana pua ya Cazenave.

Jioni anampelekea Ursule karatasi, wino haujakauka.
Dada yake anaishika kwa vidole vilivyochanjwa na majani ya miwa.
"Nisomee." Anasoma. "Rudia hapo." Anarudia.
"Wote," asema Ursule. "Kama sufuria la msiba,
eti wote tutakula. Nani kashika upawa?
Jumamosi nimekuwa huru. Jumatatu
nimerudi shamba lile lile, kengele ile ile,
ila sasa naitwa Raia Mkulima
na anayenihesabu huvua kofia kwanza."

"Basi niitupe?"

"Nani kakwambia utupe? Lete."
Akaikunja, akaitia kifuani.
"Lakini usiniambie niingie humo uchi.
Nitaingia na ngozi yangu, na jina alilonipa mama,
na kovu hili la bega.
Kama ni wote, patakuwa na nafasi.
Kama hapana nafasi, si wote, ni wao."

Philogène hakujibu. Alikuwa akitazama mikono yake,
wino juu ya weusi,
akikumbuka kwamba ya Cazenave nayo hutoka kazini myeusi,
kisha sabuni, maji, dakika tano.

Miaka minane, halafu meli nyingine.
Cazenave hamtazami usoni.
"Panga," asema. "Ni amri. Si mimi."
Risasi iliyopita barabarani alfajiri
na hii ya sandukuni ni ndugu wa damu.
Hilo ndilo lililomuuma: herufi zilezile,
waliokuwa watu wanarudi kuwa vitu
bila hata nukta moja kuagizwa ng'ambo.

Alipanga. Simpambi: alipanga,
mstari baada ya mstari, mkono hautetemeki.
Watumwa wote warudi kwa wenyewe.

Asubuhi Cazenave alikuta pengo katikati ya sentensi,
kama kinywa kilichong'olewa meno ya mbele.
Akachukua herufi nne nyingine.
Akazishika muda mrefu.
Askari aligonga mlango, akasema haraka, haraka,
naye akazirudisha sandukuni
akachapa hivyohivyo, pengo na vyote.
Kwa nini, hakumwambia hata mkewe.

Philogène hakuonekana tena kiwandani.
Wengine walisema yuko milimani.
Ursule hakusema kitu.
Alishona upya pindo la gauni lake kwa uzi mnene
akaenda shambani, kengele ilipolia,
na kila alipopiga hatua kati ya miwa
kitu kizito kidogo
kilimgonga kifundo cha mguu.